Mkutano wa walioacha pombe: uko wapi, na siku ya kwanza inakuwaje?

Hospitalini kwetu miezi ya baada ya mavuno ndiyo miezi ambayo akina mama hutujia kwa wingi na ombi moja, wakilisema kwa sauti ya chini huku wakitazama mlango. Wanauliza kama ipo dawa ya kumwekea mume kwenye chai au kwenye mlenda bila yeye kujua, ili aichukie pombe. Wapo na wanaume wanaokuja wenyewe asubuhi, kabla mikono haijatulia, wakiomba "sindano ya kuacha".

Sindano hiyo hatuna. Kuhusu dawa ya kwenye chai, ni kweli ipo dawa iitwayo disulfiramu. Mtu aliyeimeza kisha akanywa pombe uso humwiva, moyo humwenda mbio, hutapika, na presha yaweza kushuka ghafla. Lakini dawa hiyo hupewa mtu aliyekubali mwenyewe, anayejua anachokimeza, tena chini ya uangalizi wa daktari. Kumwekea mtu kwa siri, naye akaenda kilabuni kama kawaida yake, ni kumtega, na anaweza kufa. Mama yeyote aliyeuziwa unga wa namna hiyo sokoni autupe chooni.

Hospitali yaweza kuusafisha mwili wa mlevi kwa siku saba au kumi. Anakula vizuri, anapata usingizi, uso unang'aa, ndugu wanafurahi. Shida inaanza siku anayoruhusiwa. Kutoka kituo cha basi hadi nyumbani kwake anapita vilabu vitatu, na katika kila kimoja kuna mtu anayemwita kwa jina na kumsogezea kigoda. Akifika kilabu cha tatu, maneno yetu ya wodini yamekwisha nguvu. Mtu huyu anahitaji kukaa na mwenzake aliyeipita njia hiyo hiyo akafika nyumbani salama, naye akamwambia alifanyaje. Ndiyo kazi ya mkutano tunaotaka kuueleza mwezi huu.

Mkutano huu ni wa nani?

Wengi hutuambia, "Mimi si mlevi, nakunywa tu." Hatupendi kubishana na mtu juu ya jina. Tunamwuliza maswali manne ambayo daktari wa Marekani, John Ewing, aliyachapisha mwaka 1984, na ambayo yanatumika hospitali nyingi duniani. Je, umewahi kuona kwamba inakupasa kupunguza pombe? Je, watu wamekuudhi kwa kukusema juu ya unywaji wako? Je, umewahi kujisikia vibaya moyoni kwa sababu ya kunywa? Je, umewahi kunywa asubuhi ili kuzimua, yaani kutuliza mikono na kichwa? Aliyejibu "ndiyo" mara mbili au zaidi ana haja ya kuonwa na mganga. Na aliyejibu "ndiyo" kwa lile la mwisho tunamwomba asisubiri.

Wala haijalishi ni pombe gani. Huku kwetu wengine wanakunywa ujimbi wa mtama au uwele, wengine wanzuki, wengine gongo, wengine bia za chupa, na wengine mvinyo wa zabibu zetu za Dodoma. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wapo wagonjwa wetu waliohamia gongo wiki hiyo hiyo. Kifungashio kilibadilika, mnywaji akabaki yule yule. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019.

Tahadhari kabla ya kuacha

Kabla ya kuzungumzia mkutano, tuseme jambo moja ambalo familia nyingi hazilijui. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi asifungiwe ndani na kunyimwa pombe ghafla, hata kama anayemfungia ana nia njema. Saa chache baada ya pombe kumwisha mwilini, kwa kawaida ndani ya siku ya kwanza, huanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kupata kifafa, hata kama hajawahi kuugua kifafa maishani. Siku ya pili hadi ya nne wengine huweweseka: wanaona wadudu ukutani, wanapambana na watu wasiokuwapo, joto la mwili linapanda. Hali hiyo huua. Tumekwisha pokea mgonjwa wa namna hiyo akiwa amefungwa kamba, kwa kuwa nyumbani walidhani amerogwa.

Mleteni hospitali. Kuna dawa za kumtuliza kwa siku chache, na kuna vitamini B1, ambayo walevi wengi huwa imewapungukia kwa sababu wanakunywa bila kula, na ubongo huumia kwa kuikosa. Msimnunulie vidonge vya usingizi dukani mkampimia wenyewe, maana dawa hizo zikikutana na pombe tumboni zinaweza kumzimisha pumzi. Aliyekuwa akinywa kidogo kidogo, asiyetetemeka asubuhi, anaweza kuacha akiwa nyumbani na kwenda mkutanoni siku hiyo hiyo.

Ulianzaje

Mwezi Mei 1935, mfanyabiashara wa New York aitwaye Bill Wilson alikuwa peke yake katika mji wa Akron, Ohio, huko Marekani. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na katika ukumbi wa hoteli alisikia vicheko vya watu waliokuwa baa. Alikwenda kwenye simu, palipokuwa na orodha ya makanisa ya mji, akaanza kupiga, akiuliza kama kuna anayemfahamu mlevi mwingine anayehitaji msaada. Angalieni alichokiomba. Hakuomba fedha wala ushauri. Aliomba mlevi mwenzake. Simu hizo zilimfikisha kwa daktari wa upasuaji, Robert Smith, aliyekuwa akiharibikiwa vilevile. Daktari alikubali kumpa dakika 15, lakini wakazungumza kwa saa nyingi. Tarehe 10 Juni 1935 daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama chao, Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, maana yake walevi wasiotajwa majina.

Sisi wauguzi wa hospitali za misheni tunapenda zaidi sehemu inayofuata. Wakati huo hospitali nyingi zilikataa kulaza walevi, zikisema wanasumbua na hawalipi. Katika hospitali ya Mtakatifu Tomaso pale Akron alikuwapo mtawa, Sista Ignatia, aliyesimamia mapokezi. Mwezi Agosti 1939 alimlaza mgonjwa wa Daktari Smith na kumwandikia kuwa anaumwa tumbo, kisha akamtafutia nafasi katika chumba kidogo kilichotumika kutengenezea maua ya wagonjwa, ili wenzake waliokwisha acha waweze kuja kumwona bila kelele. Kutokana na chumba hicho ilipatikana wodi, na maelfu ya walevi wakapita mikononi mwa sista huyo na daktari wake.

Je, mikutano inafaa kweli? Mwaka 2020 wataalamu walikusanya tafiti 27 zilizohusu watu 10,565. Katika hesabu yao, kati ya watu 100 walioongozwa kwa utaratibu hadi kwenye mikutano ya AA, kiasi cha 42 walikuwa hawajagusa pombe kabisa baada ya mwaka mmoja. Kwa waliopewa matibabu mengine, yakiwamo yale ya mazungumzo na mtaalamu, walikuwa 35. Anayetaka muujiza ataona tofauti hiyo ni ndogo. Kwetu sisi, tunaojua bei ya wiki moja wodini, watu saba zaidi katika kila mia, kwa kitu kisicho na bili, ni wengi.

Pa kuuliza

Katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam mikutano ya AA ipo, na mtu wa huku kwetu anayesafiri kwa kazi au matibabu anaweza kuhudhuria akiwa mgeni. Hatahitaji barua ya utambulisho. Siku hizi ipo pia mikutano inayofanyika kwa simu zenye intaneti, ambapo unasikiliza na kuzungumza ukiwa nyumbani. Inafaa kwa mwenye simu hiyo na kifurushi. Tena tangu zamani AA ina utaratibu wa wanachama walio peke yao mbali kuandikiana na wenzao, kwa hiyo kukaa mbali na mji si jambo geni kwao.

Kwa wakazi wa uwanda wetu wa kati, ulizieni kwanza hospitalini. Kila hospitali ya wilaya au ya mkoa ina ofisa ustawi wa jamii, na ndiye mwenye kazi ya kujua vikundi vilivyopo. Waulizeni pia wahudumu wa kliniki ya afya ya akili. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali iliyopo tangu mwaka 1927, na tunajua jina hilo linavyotisha. Mtu akisema "amepelekwa Mirembe", kijiji kizima kinaelewa kwamba amerukwa na akili. Tunawaomba muache mazoea hayo. Mtu anaweza kwenda pale kwa miguu yake, akaonwa na mtaalamu wa ulevi, akauliza juu ya kikundi, akarudi kwake jioni. Asiyetaka kuonekana langoni aanze katika zahanati au kituo cha afya cha karibu, wampe barua.

Msiulize "AA iko wapi?" peke yake, kwa maana wahudumu wengi hawalifahamu jina hilo. Ulizeni, "Kuna watu walioacha pombe ambao hukutana?" Kwa swali hilo hata mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kukujibu.

Neno kidogo juu ya soba hausi. Unguja zilianza mwaka 2009, nyumba ambazo walioacha dawa za kulevya huishi pamoja kwa miezi, chini ya watu walioacha kabla yao, wakifuata hatua kumi na mbili zile zile za AA. Tanzania Bara nazo zimeongezeka, na baadhi hupokea walevi wa pombe. Zinasaidia, lakini kabla ya kumpeleka ndugu yenu, nendeni wawili mkaione kwanza. Ulizeni ada yote kwa mwezi, ulizeni daktari ni nani, tazameni jikoni na chooni. Mkikuta mtu amefungwa mnyororo, rudini naye nyumbani.

Kama hakuna, waanze wawili

Wengi wenu mtauliza na kujibiwa kwamba katika kata yenu hakuna. Basi tuwaambie kanuni ya AA inayotufurahisha kuliko zote: walevi wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kuitwa kikundi, mradi hawajajifunga na chama kingine. Na sharti la kuingia ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Hakuna fomu, ada wala kadi. Wanachangia wenyewe kwa hiari kiasi cha kununua majani ya chai, wala hawapokei fedha za mfadhili.

Hapo ndipo parokia inapoweza kusaidia sana, na hapo hapo inapoweza kuharibu. Katika parokia moja walipatikana wanaume wanne waliokuwa tayari. Wazee wa kanisa kwa furaha yao wakawachagulia mwenyekiti na katibu, na Jumapili ikatangazwa: "Kikundi cha walevi walioacha pombe kitakutana baada ya Misa nyuma ya kanisa, tuwaombee." Nani angetoka mbele ya watu mia tatu akaenda nyuma ya kanisa? Hakutokea hata mmoja. Mmoja wao, fundi baiskeli, alituambia baadaye kwamba alikuwa amejitayarisha kumwambia mtu mmoja siri yake, hakujitayarisha kuiambia parokia.

Kwa hiyo tunawaomba mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya: toeni chumba, kisha mwondoke. Darasa la katekesimu linatosha, au chumba cha zahanati kinachokaa wazi jioni. Tangazo liwe la jumla: "Anayetaka kuacha pombe, au anayesumbuka kwa ulevi nyumbani mwake, amwone muuguzi fulani siku yoyote." Muuguzi au katekista anaweza kuwakutanisha watu wawili na kuwapa ufunguo. Mengine ni yao. Jumuiya ndogo ndogo haifai kuchukua nafasi ya kikundi hiki, kwa kuwa katika jumuiya wamo mke wake, shemeji yake, na yule anayemdai fedha. Hawezi kusema mbele yao kwamba aliuza mbuzi wa ada ya mtoto akanywea.

Kikundi kisigeuzwe kuwa ibada pia. Watu wa AA humtaja Mungu katika hatua zao, kila mmoja kadiri anavyomfahamu. Huku kwetu Mkatoliki, Mwanglikana, Mwislamu na mtu asiyesali popote wanakunywa kilabu kimoja, na wataacha pamoja. Mkianza na rozari, jirani Mwislamu hatarudi wiki ya pili. Lugha iwe ile wanayoiweza, Kiswahili au Kigogo, Kirangi au Kinyaturu. Mambo ya aibu mtu huyasema vizuri zaidi kwa lugha ya mama yake.

Saa nayo ina maana. Chagueni saa ile ile ambayo mtu angekuwa anaelekea kilabuni. Anayeishi jirani na Msalato anajua Jumamosi ya mnada ilivyo: nyama inachomwa, fedha ya ng'ombe iko mfukoni, na kila rafiki yuko pale. Mkutano wa Jumamosi jioni unamfaa mtu huyo kuliko mkutano wa Jumatatu.

Siku ya kwanza

Anayekwenda mara ya kwanza huogopa kwamba atahojiwa. Hatahojiwa. Ataingia, atasalimiwa "Mbukwenyi" kama mahali pengine popote, atapewa kiti. Jina moja linatosha. Mmoja wa wenyeji ataeleza kwa kifupi alivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa, kisha wengine watafuata kwa zamu. Mgeni anaweza kusema, "Leo nitasikiliza," na hakuna atakayemlazimisha. Hukatizani maneno, wala mtu hamshauri mwenzake alipe deni gani au arudiane na nani. Kila mmoja anasema yake. Baada ya saa moja wanafunga, na mara nyingi mazungumzo yenye faida hufanyika hapo mlangoni, wawili wawili, wakati wa kuagana.

Kinachosemwa ndani hakitoki nje. Mjini hilo ni rahisi. Kijijini, ambako baiskeli ya kila mtu inajulikana, ni kazi. Vikundi vingine hupokezana mahali, vingine humtaka kila mmoja aje na jembe au dumu la maji kana kwamba yuko safarini. Mkutano ukivuja mara moja, utakuwa umekwisha. Kwa hiyo mwenye kupeleka maneno aambiwe wazi siku hiyo hiyo, na wote wakiwapo.

Mwulize mmoja wao awe mlezi wako, yaani yule utakayemwendea au kumpigia simu saa ambayo kiu inakubana. Awe na muda mrefu kuliko wewe tangu aache. Mwanamume amchague mwanamume, na mwanamke amchague mwanamke. Hatuna haja ya kueleza sababu.

Akina mama wanaokunywa wana mzigo zaidi. Mwanamume mlevi huonewa huruma, mwanamke mlevi huimbwa. Wengi wao hunywea nyumbani usiku, na wanatujia tu wakiwa wajawazito, wakati ambapo pombe inamdhuru na mtoto tumboni. Wakipatikana wawili, waanze kikundi chao peke yao, hata kama ni chini ya mwembe wa mmoja wao huku wakichambua mboga.

Nyumbani

Mwaka 1951 mke wa Bill Wilson, Lois, pamoja na rafiki yake, walianzisha kikundi kingine kwa ajili ya wake, waume na jamaa za walevi, kiitwacho Al-Anon. Waliona kwamba mwenye kuishi na mlevi naye huugua kwa namna yake: anajifunza kudanganya kwa niaba ya mume, kulipa madeni yake, kupekua mifuko, kuhesabu saa. Mama anaweza kukutana na wenzake hata kama mume bado anakunywa. Kwa kweli wengine waliofika kwetu walianza wao, na mume akafuata baada ya miezi, alipoona kwamba hakuna tena anayemfuata kilabuni usiku wala anayemwombea ruhusa kazini.

Sasa tuseme lile ambalo wengi hukwepa kulisema kanisani. Katika nyumba nyingi za huku pombe ndiyo inayolipa sare na madaftari. Mama analoweka mtama, anauotesha, anapika, na debe likiisha anapata fedha ambayo shamba lililokosa mvua halimpi. Kisha mwanawe au mume wake anatoka hospitali na kurudi katika nyumba yenye mitungi. Hatuna haki ya kumwambia mama huyo aache leo bila kumwonyesha atakula nini kesho. Lakini tunaweza kumwomba apikie kwa jirani au kwa dada yake, mbali na nyumba anayolala mgonjwa, angalau kwa miezi mitatu ya mwanzo, na asimtume mgonjwa kuonja kama imeiva. Na vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vimfikirie wa kwanza atakapohitaji mtaji wa kuuza karanga au mafuta ya alizeti.

Tunaulizwa juu ya togwa. Togwa ya leo, tamu, haina ubaya. Togwa iliyolala siku mbili tatu imekwisha kuwa pombe, na mtu aliyeacha asiionje. Tunaulizwa pia juu ya Komunyo. Mtu aliyeacha pombe apokee katika umbo la mkate pekee. Amempokea Kristo mzima, na padre hatashangaa akinong'onezwa mapema.

Akianguka

Wengi huanguka, tena mara nyingi kwa msimu. Mwezi wa Januari, wakati wa kulima, chakula ni haba na mtama wa kupikia pombe haupo. Mtu anakaa vizuri hata miezi minne, anajisifu. Mwezi wa Juni maghala yamejaa, kuna jando, harusi na ubarikio, na kila nyumba inapika. Kikundi kinachojua hivyo kitakutana mara mbili kwa wiki kuanzia mavuno, na wanachama watakwenda harusini wawili wawili, wakae pamoja, waondoke pamoja kabla giza halijaingia.

Aliyelewa akija mkutanoni asifukuzwe. Akae, asikilize, asiseme siku hiyo. Wiki ijayo atasema. Na aliyekaa mwaka mzima kisha akanywa arudi kwenye kiti kile kile. Kama alikunywa kwa siku nyingi mfululizo, apitie kwetu kwanza kwa sababu ya ile hatari ya kifafa tuliyoieleza.

Kwa wale watakaoanza upya, wiki za mwanzo huwa tupu. Mtu mwenye ufunguo afungue saa kumi jioni, apange viti vitatu, akae hata kama hajatokea mtu, afunge saa kumi na moja. Wiki ijayo afungue tena siku ile ile na saa ile ile. Yule mnayemsubiri mara nyingi ameshapita hapo mlangoni mara mbili au tatu, akitazama kama kuna mtu.